Tuyape majivu na limau kazi yao, klorini ibaki na yake

Sifa ya usafi wa Kigali haikuja kwa bahati. Mwaka 2008 Rwanda ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka huohuo jiji likatunukiwa na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi. Mwaka 2019 sheria nyingine ikagusa vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wakafagia, wakazibua mitaro na kupanda miti. Lakini huo wote ni usafi wa nje, ule anaouona mpita njia. Usafi wa ndani, wa sufuria na sinki, wa kioo cha dirisha na soksi za mtoto wa shule, tumewaachia wauza chupa watuamulie. Kuna chupa ya vigae, chupa ya vioo, chupa ya choo, chupa ya jikoni, na kila moja ina rangi yake na harufu yake. Ninachokitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na vitu ambavyo tayari vimo jikoni: majivu, limau, chumvi, siki, magadi na gazeti lililokwisha kusomwa. Sabuni na klorini zina kazi zake, kazi kubwa, na zitaifanya vizuri zaidi zikiachiwa hiyo tu. Ila ili mpango huo usilete madhara, mtu anahitaji kujua kwa nini kila kitu kinafanya kazi, maana orodha ya mbinu peke yake humponza mtumiaji.

Tuanze na uchafu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea njia. Mafuta yaliyoganda kwenye sahani, kutu kwenye nguo nyeupe, chokaa iliyoshika ndani ya birika na vijidudu kwenye ubao wa kukatia nyama ni vitu vinne tofauti, na hakuna dawa moja inayoviweza vyote. Mafuta huondolewa na kitu chenye asili ya alkali. Majivu ya kuni na ya mkaa yana kaboneti za potasiamu na kalsiamu. Yakikutana na maji na mafuta huanza kuyageuza mafuta yale kuwa aina ya sabuni palepale kwenye sahani, huku chembe zake laini zikisugua. Hiyo ni kemia ileile ambayo binadamu aliitumia kutengeneza sabuni kwa karne nyingi kabla ya viwanda. Magadi yana undugu wa karibu na majivu. Kule Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, yamechimbwa kibiashara tangu mwaka 1911, na sodiamu kaboneti inayopatikana humo ni miongoni mwa malighafi za sabuni ya unga na za vioo. Mama anayetia magadi kwenye maharage ili yaive upesi ana mkononi kitu ambacho kiwanda hukinunua kwa tani. Akichukua kijiko kimoja akakitia kwenye maji ya moto na kulowekea kikaango chenye mafuta sugu, kama si cha alumini, hafanyi uchawi wala hafanyi ubahili. Anatumia kiungo kilekile bila rangi na bila manukato.

Mfano unaoihusu Kigali moja kwa moja ni udongo wake mwekundu. Wekundu ule unatokana na oksidi za chuma, na ndiyo maana tope la Kimisagara au Gatsata likiingia kwenye soksi nyeupe huacha alama ya hudhurungi hata baada ya kufuliwa. Wengi wakiiona alama hiyo hukimbilia klorini, ile inayojulikana madukani kama jiki. Matokeo huwa mabaya: klorini huunguza nyuzi za kitambaa, doa la chuma haliondoki, na mara nyingine hukolea zaidi, kwa kuwa kazi ya klorini ni kuoksidisha na chuma kile kimekwisha kuoksidika. Kinachofaa hapo ni asidi, na limau lina asidi ya sitriki inayokamata chembe za chuma na kuzilegeza kutoka kwenye uzi. Tope huachwa likauke kwanza na kupigwa brashi. Nguo hufuliwa kwa sabuni kama kawaida. Kisha doa lililobaki hukamuliwa limau, likanyunyiziwa chumvi kidogo, na nguo ikaanikwa juani kwa saa moja au mbili kabla ya kusuuzwa kwa maji mengi. Kwa nguo ya rangi ni lazima kujaribu kwanza pembeni, kwenye pindo, kwa sababu limau na jua hupausha. Doa la siku nyingi huenda likahitaji kurudiwa. Hata hivyo limau moja la sokoni Kimironko hufanya hapo kazi ambayo chupa nzima ya klorini haiwezi, na nguo inabaki nzima.

Sufuria nayo inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Wanaosifia tiba za jikoni mara nyingi husema majivu husafisha chochote. Si kweli. Masufuria mengi katika Afrika Mashariki ni ya alumini, na alumini haipatani na alkali. Masizi ya nje ya sufuria yakisuguliwa kwa majivu na dodoki kisha yakasuuzwa mara moja hakuna shida; lakini sufuria ikilazwa usiku kucha kwenye maji ya majivu au magadi, ile ngozi nyembamba inayoilinda huliwa, metali ikafifia na kuwa nyeusi. Dawa ya weusi huo ni kinyume chake, yaani maganda ya limau au kijiko cha siki yachemshwe humo kwa dakika chache na mng'aro unarudi. Lakini limau hilohilo likimwagwa kwenye sakafu ya marumaru au terazo huila sakafu, kwa kuwa mawe hayo yana kalsiamu kaboneti ambayo asidi huiyeyusha. Na majivu yenyewe si sawa yote. Majivu ya kuni safi na mkaa yanafaa, ila majivu ya takataka zilizochomwa, ya mbao zilizopakwa rangi au ya plastiki huweza kuwa na metali zenye sumu na hayapaswi kugusa chombo cha kulia. Anayejua tu kwamba majivu husafisha ataharibu sufuria yake. Anayejua kwamba ni alkali atajua pa kuyaweka na pa kuyaepusha.

Mengine yanaweza kupitwa haraka. Karatasi ya gazeti iliyolowa maji yenye siki kidogo hung'arisha kioo vizuri kuliko kitambaa, kwa kuwa haiachi nyuzi. Chumvi ikimwagwa upesi juu ya mafuta yaliyomwagika hupunguza kusambaa kwake. Masimbi ya kahawa, ambayo katika nchi inayolima kahawa kama hii hutupwa kila asubuhi, yakianikwa yakakauka husugua vyungu na kupunguza harufu ya samaki mikononi. Siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ikachemshwa ndani ya birika, huondoa chokaa. Lakini kuna mbinu moja inayosambazwa sana kwenye simu ambayo ningependa iachwe: kuchanganya siki na magadi ya kuokea ili kutengeneza dawa kali. Povu lile linapendeza macho, na huenda likasukuma taka kidogo kwenye bomba, lakini asidi na alkali zikikutana hubatilishana. Kinachobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvi dhaifu. Kila kimoja kikitumiwa peke yake kina nguvu kuliko viwili vikiwa pamoja.

Bei ni sababu ya kutosha ya kuyajali haya, ila Kigali ina sababu nyingine iliyo nzito zaidi: maji machafu huenda wapi? Kwa miaka mingi jiji hili limeishi bila mtandao mmoja mkuu wa maji taka. Nyumba nyingi hutegemea mashimo na matangi ya maji taka, na mradi wa mtambo mkuu pale Giti cy'Inyoni umekuja jiji likiwa limeshapanuka juu ya vilima vyote hivi. Maji ya kuoshea vyombo na kufulia mara nyingi humwagwa kwenye mtaro, mtaro ukashuka bondeni, bonde likapeleka Nyabugogo, Nyabugogo ikaingia Nyabarongo, Nyabarongo ikalisha Akagera, na Akagera ikamwaga Ziwa Victoria, ambako watu wa Bukoba, Mwanza na Kisumu wanavua na kunywa. Nchi imetumia fedha na miaka kurudisha uhai wa ardhi oevu za Kigali. Bustani ya Nyandungu ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya kazi ndefu ya kuondoa uharibifu. Kuna kitu kisicholingana katika kuotesha mafunjo bondeni huku juu mlimani tukimwaga madawa makali kuosha kikombe cha chai. Tena klorini ikizidi ndani ya tangi la maji taka huua bakteria wale wanaomeng'enya uchafu, na tangi hujaa kabla ya wakati wake. Sidai kwamba vitu vya jikoni havina athari hata kidogo, maana majivu mengi mtoni nayo hudhuru. Lakini kijiko cha majivu au ganda la limau ni kitu ambacho udongo wa shambani unakipokea na kukitumia.

Wahudumu wa afya watakuwa na pingamizi hapa, na ni pingamizi la haki. Watasema kung'aa si kuwa salama, na kwamba kumtia mtu moyo wa kuacha sabuni ni kumwalika kuhara. Ushahidi unawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Uchunguzi uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kusugua mikono kwa majivu au udongo kulipunguza bakteria kwa kiasi kinachokaribiana na sabuni. Wengi wameutumia uchunguzi huo kuyatetea majivu. Lakini mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, watafiti wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za afya, waliupitia ushahidi wote uliokuwapo kuhusu kunawa kwa majivu wakahitimisha kwamba faida na madhara yake bado hayana uhakika. WHO na UNICEF, wanapohesabu kaya zenye mahali pazuri pa kunawia, hawalihesabu jivu wala mchanga badala ya sabuni. Nakubaliana nao. Mikono ni ya sabuni. Kandagira ukarabe, chombo cha kunawia mikono kwa kukanyaga, iliyowekwa vituo vya mabasi na milango ya shule haikuwekwa ili ijazwe majivu. Ubao wa nyama mbichi, choo, chombo cha mgonjwa, hayo ni maeneo ya sabuni na klorini bila mjadala. Rwanda ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2024, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa tarehe 27 Septemba na ukathibitishwa kwa watu 66, wakafa 15, kabla ya mwisho wake kutangazwa tarehe 20 Desemba. Katika vita ya namna hiyo klorini ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa ni silaha, na hakuna limau linaloweza kusimama mahali pake.

Ila pingamizi hilohilo, likifuatwa hadi mwisho, linaipa nguvu hoja yangu. Klorini inayomwagwa juu ya uchafu hupotea bure. Mafuta, damu, mabaki ya chakula na tope huila klorini kabla haijavifikia vijidudu, na ndiyo maana mafunzo yote ya kuzuia maambukizi hospitalini huagiza mahali pasafishwe kwanza ndipo patiwe dawa. Nyumbani tunageuza utaratibu huo. Tunamimina klorini juu ya sinki lenye mafuta, tunaridhika na harufu yake, tunaondoka tukiamini tumeua vijidudu, kumbe tumeyatia mafuta harufu ya hospitali. Anayeondoa mafuta kwa majivu au magadi, akasuuza, kisha akatumia klorini kidogo mahali panapohitaji, hulinda familia yake kuliko anayetumia chupa nzima kwa mara moja. Tena hutumia kidogo.

Hapo kwenye kusuuza naomba msomaji asimame kidogo. Klorini ikikutana na asidi, iwe siki, iwe limau au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kuua askari huko Ypres mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ikikutana na amonia, ambayo pia hutokana na mkojo uliokaa muda mrefu chooni, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Choo kidogo kisicho na dirisha, mlango umefungwa, mtu ameinama na brashi mkononi: hapo hazihitajiki chupa nyingi kumlaza mtu kitandani. Kwa hiyo yeyote anayefundisha matumizi ya limau na siki bila kufundisha hili amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayodhuru watu. Hatari nyingine ni chupa za soda na maji zinazojazwa klorini au mafuta ya taa na kuwekwa sakafuni. Mtoto hasomi lebo. Anaona chupa anayoijua, anakunywa.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni la heshima. Mtu anaweza kuuliza kwa nini maskini wa Nduba aambiwe asugue kwa majivu wakati tajiri wa Nyarutarama ananunua chupa yenye picha ya maua. Je, huku si kumrudisha mwanamke kijijini alikotoka? Swali hili lina uzito, kwa sababu ushauri wa kubana matumizi mara nyingi hutolewa na walioshiba. Jibu langu ni kwamba ushauri huu unamfaa tajiri kuliko maskini. Maskini amekwisha kutumia majivu, hana haja ya kuambiwa. Anachohitaji yeye ni sabuni ya mikono ya bei nafuu na maji karibu. Mwenye makabati yaliyojaa chupa saba ndiye anayeweza kuzipunguza zikabaki mbili. Na dhana kwamba ujuzi wa jikoni ni wa kijinga ilishakanushwa zamani katika kanda hii yetu. Mwaka 1964, huko Adwa, Ethiopia, mwanasayansi Aklilu Lemma aliona konokono wamekufa mtoni chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifua kwa matunda ya mmea wa endod. Konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Wale wanawake walikuwa na sabuni ya mti iliyokuwa pia dawa ya konokono, na kutokana na kufua kwao kukazaliwa utafiti wa miongo kadhaa ambao mwaka 1989 uliwapatia Aklilu na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes tuzo ya Right Livelihood. Wamasai hufukiza na kusafisha vibuyu vya maziwa kwa ukuni wa mzeituni mwitu unaowaka, na Wakalenjin huvipaka ndani makaa ya mti waliouchagua kwa sababu. Hakuna aibu yoyote katika ujuzi huo. Aibu ni kuuacha ufe bila kuuchunguza.

Pingamizi la tatu ndilo linalonitatiza zaidi, na sina jibu kamili kwalo: muda na mikono. Kusugua sufuria kwa majivu huchukua muda kuliko kutumia sabuni ya maji, na anayesugua kwa kawaida siye anayeandika makala. Katika nyumba nyingi za Kigali ni msichana wa kazi, aliyetoka wilayani, ambaye ngozi yake ndiyo inayokutana na alkali kila siku. Majivu hukausha ngozi na kuipasua; magadi ni makali zaidi; limau kwenye kidole kilichokatwa linaunguza. Mwenye nyumba anayeamua kuacha sabuni ya vyombo ili aokoe faranga, huku akimwachia mwingine michubuko, hajaokoa chochote, amehamisha gharama tu. Kwa hiyo glavu za mpira zinunuliwe kwanza, kabla ya chochote. Kuloweka kupewe nafasi ili maji ya moto na magadi yafanye kazi ambayo misuli ingefanya. Pale ambapo nguo ni nyingi na maji ni ya kuchotwa, sabuni ya unga itumike bila kujilaumu. Na kwa waliohamia gesi, kama serikali inavyohimiza ili miti isiishe, majivu hayapo tena jikoni, na hakuna maana ya kuwasha mkaa ili kuyapata. Limau, chumvi, siki na magadi vinatosha.

Ninachokiomba kwa wenye mamlaka si kikubwa. Walimu wa sayansi shuleni wanafundisha asidi na alkali kwa mifano ya maabara ambazo shule nyingine hazina. Wafundishe kwa sufuria, limau na majivu, na mtoto ataelewa siku hiyohiyo. Washauri wa afya wa vijiji, ambao tayari huingia nyumba hadi nyumba, waongeze sentensi mbili kuhusu utaratibu wa kusafisha kwanza na kuua vijidudu baadaye. Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyopewa kisheria dhamana ya kusimamia kemikali za nyumbani, itake onyo la kutochanganya klorini na asidi liandikwe mbele ya chupa kwa herufi kubwa, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha ambayo nayo ni rasmi hapa tangu mwaka 2017. Na wewe unayesoma, leo hii angalia chini ya sinki lako. Chupa ya klorini itoe hapo, iweke juu mtoto asikofika, ikiwa kwenye chupa yake ya asili, mbali na siki na dawa ya choo. Kisha mpe anayeosha vyombo vyako glavu.